Ami, Einstein na bipu ishirini

Mliosikiliza kipindi chetu kuhusu wazee wetu na madaftari yao mtakumbuka nilisema kwamba ami yangu ana daftari zima la kumpinga Einstein. Tukacheka, tukaendelea na mengine. Tangu siku ile ujumbe haujakoma. Wengi wanasema "na mimi ninaye kama huyo nyumbani". Wengine wanauliza: sasa je, ana hoja au hana? Swali hili la pili ndilo ninalotaka kulijibu hapa, kwa sababu kwenye podikasti huwezi kuandika mlinganyo, na kwa sababu kumcheka mzee halafu ukapita zako si adabu.

Ami ni mdogo wake baba. Alisomesha hesabu skuli ya sekondari Unguja kabla ya kuja Uingereza miaka ya 90. Cheti chake hakikutambuliwa huku, akaambiwa aanze upya. Alikuwa na watoto watatu, kwa hiyo hakuanza upya, akaendesha basi la abiria Milton Keynes kwa miaka 22. Si hadithi ngeni kwenu. Kila tuliokulia huku tunamjua injinia anayelinda mlango wa supamaketi na mwalimu anayeendesha teksi. Naitaja kwa sababu inahusika, lakini naomba isigeuzwe kuwa maelezo ya kila kitu. Hoja ya mtu ni hoja. Haijibiwi kwa kuulizwa alikuwa akifanya kazi gani.

Baada ya kustaafu alimaliza daftari, akatafuta kampuni ya kumchapia kitabu. Nakala 500, pauni 2,800. Mkewe akanipigia simu: "Wewe si ndo ulosoma hayo mahesabu? Kamtizame ami yako kabla hajazitia pesa za Hija kwenye makaratasi."

Nikaenda. Tulikaa jikoni kwake Jumamosi tatu.

Kwa wasiofuatilia: mwaka 1905 Albert Einstein, akiwa mkaguzi kwenye ofisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern, alitoa nadharia ya uhusianifu maalumu. Inasimama juu ya mambo mawili. La kwanza, sheria za fizikia ni zilezile kwa mtu aliyetulia na kwa mtu anayekwenda kwa mwendo ulionyooka bila kuongeza wala kupunguza kasi. Hili si geni, ndani ya treni inayokwenda vizuri unamimina chai kama uko nyumbani. La pili, mwanga una kasi ileile, kilomita 299,792 kwa sekunde, kwa yeyote anayeupima, awe anaufuata au anaukimbia. Ukiyashika mawili haya kwa pamoja, hesabu inakufikisha pa ajabu: saa inayokwenda mbio huhesabu polepole, fimbo inayokwenda mbio hufupika, na watu wawili wanaweza wasikubaliane kama mambo mawili yametokea kwa wakati mmoja.

Msimamo wa Ami naomba uueleweni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanamdharau bure. Hasemi kwamba nadharia ni ya ajabu. "Ajabu si hoja," alinambia siku ya kwanza. "Mwenyezi Mungu kaumba pweza. Mie nasema hesabu haikai." Yaani nadharia inajipinga yenyewe, ndani, kabla hata hujaenda kupima chochote. Na katika hilo ana mantiki: kama hesabu inajipinga kweli, hakuna kipimo duniani kitakachoiokoa. Kwa hiyo sikumwanzia na vipimo. Tulifungua daftari.

Sura ya kwanza inaitwa "Sifuri kwa Sifuri". Einstein aliandika kitabu kidogo cha watu wa kawaida, kikatoka kwa Kijerumani mwaka 1917 na kwa Kiingereza 1920. Mwishoni ana nyongeza inayoonyesha njia rahisi ya kuipata milinganyo ya Lorentz, ile inayogeuza vipimo vya mtu mmoja kuwa vipimo vya mwenzake. Ami ana nakala kuukuu aliyoinunua kwenye duka la mitumba. Ukurasa ule umepigiwa mistari mpaka karatasi imelegea.

Einstein anaanza hivi. Mwanga ukienda upande wa kulia, baada ya muda t utakuwa umefika umbali x = ct, kwa hiyo x − ct = 0. Kwa mtazamaji wa pili, anayekwenda, mwanga uleule una x′ − ct′ = 0. Halafu anaandika:

x′ − ct′ = λ(x − ct)

Ami anauliza: hii si sifuri ni sawa na λ mara sifuri? Basi λ inaweza kuwa 5, inaweza kuwa 700, inaweza kuwa chochote. Mtu kajenga ghorofa juu ya sifuri. Alipokuwa akisomesha, mwanafunzi akigawa kwa sifuri alimrudisha mwanzo wa ukurasa, hata awe mtoto wa nani.

Hoja hii si ya Ami peke yake. Imezuka mara nyingi, kwa watu wa nchi mbalimbali wasiojuana, na wengi wao wameifikia wenyewe kwa kuusoma ukurasa uleule. Ni hoja ya mtu aliyesoma kwa makini. Jibu lake nilimpa kwa kitu ambacho sote huku tunakijua kuliko tunavyojua majina ya majirani zetu, yaani kutuma pesa.

"Ami," nikamwambia, "kuna kampuni mbili za kutuma. Moja inakata ada ya pauni 3 kila ukituma, nyingine haina ada, ina kiwango tu, na kiwango hakibadiliki kwa wingi wa pesa. Mie nikikwambia kuhusu kampuni moja kwamba ukitia sifuri inatoka sifuri, nimekwambia nini?"

"Kuwa haina ada."

"Na kiwango?"

"Kiwango hujanambia."

Ndiyo hivyo. Maneno "sifuri huleta sifuri" hayasemi kiwango, lakini yanasema umbo la hesabu nzima: shilingi ni kiwango mara pauni, basi, hakuna kitu cha kuongeza pembeni. Kiwango utakitafuta kwingine. Ule mlinganyo wa Einstein haukuandikwa kwa ajili ya mwanga peke yake. Umeandikwa kwa tukio lolote, mahali popote, wakati wowote: mlango umebamizwa, mtoto kapiga chafya. Kwa matukio hayo x − ct si sifuri. Mwanga umetumika kama lile jaribio la sifuri, kuonyesha kuwa hakuna ada. Kiwango, yaani λ, hakikupatikana pale. Kilikuja mistari kadhaa baadaye, kutokana na mwanga unaokwenda kushoto, na kutokana na sharti kwamba fimbo yangu wewe uione imefupika kiasi kilekile ninachoiona yako. (Hapa kuna vigeu viwili, si kimoja kama kwenye pesa, na inabidi ukubali kwamba milinganyo ni ya daraja la kwanza, haina x² ndani. Mantiki ni ileile.)

Ami akaurudia ukurasa. Einstein anasema pale kwamba uhusiano huo unashika kwa jumla, si kwa mwanga tu, lakini anasema kwa maneno machache na kupita. "Basi angelifafanua," akasema Ami. Nami nakubaliana naye. Mwanafunzi wa kidato cha nne angeandika vile angekatwa alama moja ya kutoeleza.

Akachora mstari juu ya sura ya kwanza. Hakusema kitu, akaenda kuweka maji ya chai.

Sura ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo inayomfanya Ami asikubali kuitwa mpotevu, kwa sababu nyuma yake amesimama mtu mwenye cheo. Herbert Dingle alikuwa Mwingereza, profesa, na mwaka 1951 hadi 1953 alikuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Astronomia cha Uingereza. Aliandika kitabu cha kufundisha nadharia hii mwaka 1922 na kingine mwaka 1940. Kwa hiyo hakuwa mgeni. Miaka ya 50 alianza kubishana na wenzake kuhusu kisa cha mapacha, kisha akafika mahali pa kusema nadharia yenyewe haiwezi kuwa kweli. Mwaka 1967 jarida la Nature lilichapisha hoja yake na jibu la mwanahisabati William McCrea pamoja. Hakuridhika. Mwaka 1972 akatoa kitabu, Science at the Crossroads, akilalamika kwamba wanasayansi wanakwepa swali lake. Alifariki 1978 bila kubadili msimamo.

Swali la Dingle ni fupi. Saa mbili, A na B, zinapishana, kila moja inakwenda moja kwa moja bila kubadili mwendo. Nadharia inasema kwa upande wa A, saa B ndiyo inayochelewa. Na kwa upande wa B, saa A ndiyo inayochelewa. Ipi basi inayochelewa kweli? Haiwezekani kila moja iwe polepole kuliko nyenzake. Mimi mfupi kuliko wewe, na wewe mfupi kuliko mimi?

Ami aliandika swali hili, kwa Kiingereza safi, kwa maprofesa wa vyuo kadhaa. Alijibiwa na mmoja, mistari miwili ya heshima isiyo na jibu. Naelewa upande wao, watu hawa hupokea barua za namna hii kila wiki. Lakini naelewa pia jinsi ukimya ule unavyosikika kwa mtu ambaye alishawahi kurudishiwa cheti chake kwenye bahasha. Na kulikuwa na jambo jingine lililonikera zaidi ya ukimya: programu ya kuzungumza ya kwenye simu ilimwambia kwamba hoja yake ni ya kina na huenda ikabadilisha fizikia. Ami aliichapisha kurasa nne za sifa zile, akazibana nyuma ya daftari. Maprofesa hawakumjibu na mashine ikamsifu, na kote kuwili hakuna aliyeifanya hesabu yake.

Jibu la Dingle linaanzia kwenye neno "sasa". Ukisema saa ya mwenzako inachelewa, unalinganisha yake na yako kwa wakati mmoja. Wakati mmoja kwa nani? Zikiwa saa mbili mezani hakuna tatizo. Zikiwa mbali, lazima uwe na njia ya kuamua ni dakika ipi ya kule iliyo sawa na dakika hii ya hapa.

Ami hapo akadhani amenishika. "Hilo jambo la namba tu. Hapa saa sita mchana, Unguja saa tisa, Maskati saa kumi. Dada yangu wa Maskati nikimpigia, saa zetu mbali mbali lakini sasa ni sasa. Na hawa watoto wenu wakisikia saa mbili asubuhi wanafikiri ni usiku wa manane, lakini jua ni lilelile."

Mfano mzuri sana, na historia inampa haki nusu. Hendrik Lorentz, Mholanzi, mwaka 1895 aliweka kwenye milinganyo yake kitu alichokiita muda wa mahali, ambao hubadilika kadiri unavyokwenda mbali, kama saa zinavyobadilika kutoka London hadi Maskati. Kwake ilikuwa hila ya hesabu. Mwaka 1900 Henri Poincaré akaonyesha kuwa ndicho watu watakachokipata wakiziweka sawa saa zao kwa kutumiana ishara za mwanga. Einstein akaja akasema muda huo si hila, ndio muda wenyewe, hakuna mwingine nyuma yake.

Tofauti na saa za Maskati ni hii: masaa manne ya Maskati ni mapatano, unaweza kuyafuta kesho kwa tangazo la serikali. Tofauti ninayoisema inatokana na mwendo. Mtu aliyekaa Heathrow na mtu anayepita juu yake kwa ndege, kilomita 900 kwa saa kuelekea Zanzibar, wote wakiziweka saa zao kwa njia ileile ya ishara za mwanga, hawatakubaliana ni dakika ipi ya Zanzibar iliyo "sasa". Watapishana kwa sehemu 20 hivi za bilioni ya sekunde. Kidogo mno, hata salamu haianzi. Lakini si sifuri, na kasi na umbali vikiwa vikubwa vya kutosha inakuwa dakika, kisha miaka.

"Maneno," akasema Ami. Alikuwa sahihi, yalikuwa maneno. Basi tukaleta tende.

Hermann Bondi, aliyekuwa profesa London, alikuwa na njia ya kuieleza nadharia hii kwa kuhesabu ishara tu, bila milinganyo ya Lorentz, na aliitumia kwenye kitabu chake cha mwaka 1964. Mimi niliigeuza ikawa bipu. Mnaojua kubipu mnajua: unapiga mara moja, unakata, mwenzako anajua upo. Tulichukua kokwa za tende, kila kokwa bipu moja.

Kuna Mkaazi na Msafiri. Msafiri anaondoka kwa kasi ya 0.6 ya mwanga. Wakati wanaachana, saa zote mbili zinasoma sifuri. Sasa Mkaazi anabipu saa yake ikisoma dakika 1. Bipu inakwenda kwa kasi ya mwanga, inamkimbiza Msafiri, inamfika saa yake ikisoma dakika 2. Msafiri anajibu papo hapo. Jibu linamfika Mkaazi saa yake ikisoma dakika 4. (Kutoka 1 kwenda 2, kutoka 2 kwenda 4. Kila upande huzidisha mara mbili, kwa sababu hali zao ni sawa, hakuna wa kupendelewa.) Mkaazi anapiga hesabu: bipu ilitoka dakika 1 ikarudi dakika 4, safari nzima dakika 3, basi ilikwenda dakika moja na nusu na kurudi dakika moja na nusu. Ilimfika Msafiri nusu ya njia, yaani dakika 2.5, naye alikuwa umbali wa dakika 1.5 za mwanga. 1.5 kugawa kwa 2.5 ni 0.6. Kasi imetoka sawasawa.

Tazameni kilichotokea. Mkaazi anasema tukio lile lilitokea dakika 2.5. Saa ya Msafiri pale pale ilisoma 2. Kwa hiyo Mkaazi anasema saa ya Msafiri inachelewa. Lakini 2.5 hiyo haikusomwa kwenye saa yoyote pale, ameipata kwa kugawa safari nusu kwa nusu. Msafiri naye akianzisha bipu yeye, atafanya hesabu ileile na kusema Mkaazi anachelewa. Wote wawili wako sawa, na hawagombani kuhusu hata bipu moja. Wanachotofautiana ni "nusu ya njia ilikuwa saa ngapi", yaani ile "sasa" ya mbali. Swali la Dingle lina jibu: neno "kweli" katika "ipi inayochelewa kweli" halina cha kushika mpaka saa zikutane tena.

"Na zikikutana tena?" Ami alikuwa ameshajua ninakokwenda. Haya, Msafiri anakwenda dakika 8 za saa yake, anageuka, anarudi dakika 8. Kila mmoja anabipu kila dakika ya saa yake. Wakiachana, bipu zinapokelewa kila baada ya dakika 2. Wakikaribiana, kila nusu dakika.

Msafiri anapokea nini? Wakati wa kwenda, dakika 8, bipu moja kila dakika 2: kokwa 4. Wakati wa kurudi, dakika 8, bipu moja kila nusu dakika: kokwa 16. Jumla 20.

Mkaazi anapokea nini? Msafiri alibipu mara 8 akienda. Zinamfika kila baada ya dakika 2, hizo ni dakika 16. Alibipu mara 8 akirudi, zinafika kila nusu dakika, hizo ni dakika 4. Jumla dakika 20, bipu 16.

Saa ya Mkaazi 20, ya Msafiri 16. Mkaazi kabipu mara 20 na Msafiri kapokea 20. Msafiri kabipu mara 16 na Mkaazi kapokea 16. Hakuna bipu iliyopotea, hakuna iliyozaliwa njiani. Kama hesabu ingekuwa inajipinga, ni hapa ingejipinga. Na usawa wao umevunjika wapi? Msafiri anasikia bipu za haraka mara tu anapogeuka, katikati ya safari yake. Mkaazi hana habari ya kugeuka mpaka ishara imfikie, kwa hiyo anasikia bipu za polepole dakika 16 kati ya 20.

Ami alizihesabu kokwa mara tatu. Kisha akachukua kalamu: baada ya dakika 10 za Mkaazi, Msafiri yuko umbali wa dakika 6 za mwanga. 10² toa 6² ni 64. Ambayo ni 8². Akanitazama. Mtu aliyesomesha Pitagora maisha yake hahitaji kuelezwa, ni pembetatu ya waashi, 6, 8, 10, ila alama ya kujumlisha imegeuka ya kutoa. Hermann Minkowski aliliona umbo hilo mwaka 1908, na ndilo linalonipa mimi utulivu kuhusu hesabu ya Einstein. Yote imo ndani ya aljebra ya kawaida. Mtu akipata mkinzano ndani yake, atakuwa kapata mkinzano ndani ya kujumlisha na kuzidisha, na hapo hatuna tena hata risiti ya dukani ya kuiamini.

Msidhani alisalimu amri. Wiki iliyofuata aliningoja na swali: tuseme Msafiri hageuki. Anapishana na mtu wa tatu anayerudi kwa kasi ileile, anamsomea saa yake, yule anaendeleza hesabu. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyetikisika, na bado jumla ni 16. Basi kugeuka hakukuwa sababu? Ni swali zuri, wanafizikia wenyewe walilijadili enzi za Dingle. Jibu ni kwamba kugeuka si dawa inayopunguza dakika. Njia yenye kona kati ya matukio mawili ina dakika chache kuliko njia iliyonyooka, iwe imepitwa na saa moja au na saa mbili zilizopokezana. Hilo alilikubali haraka kuliko nilivyotegemea, na nadhani ni kwa sababu ya ile 6, 8, 10.

Baada ya hapo ndipo vipimo vinakuwa na maana. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipanda ndege za abiria wakiwa na saa za atomu, wakaizunguka dunia kuelekea mashariki na kisha magharibi. Za mashariki zilirudi zimechelewa takriban sehemu 59 za bilioni ya sekunde, za magharibi zimetangulia takriban 273, mvuto wa dunia ukiwa umo kwenye hesabu hiyo pia. Karibu na Geneva, kwenye maabara ya CERN, chembe ziitwazo muoni zilizungushwa ndani ya duara kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Muoni aliyetulia huishi wastani wa sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Wale waliozunguka, kwa matokeo ya 1977, waliishi takriban 64. Hao ndio Msafiri wangu hasa, wanaondoka na kurudi palepale tena na tena. Dingle alikuwa bado hai.

Sura ya tano niliomba iondolewe kwa sababu nyingine. Ami alikuwa ameorodhesha majina ya wapinzani wote wa Einstein aliowapata kwenye intaneti, na karibu na juu yupo Philipp Lenard, mshindi wa Nobel wa 1905. Lenard hakumpinga Einstein kwa hesabu peke yake. Alikuwa Mnazi, na mwaka 1936 alianza kutoa vitabu alivyoviita Fizikia ya Kijerumani, akiikataa nadharia hii kama kitu cha Kiyahudi. Nikamuuliza Ami, mtu huyo angekuona wewe na kofia yako angesemaje? Akachana ukurasa. Si kupiga mstari, kuchana.

Kitabu hakijachapishwa, na pesa za Hija bado zipo. Kampuni imeshampigia mara mbili kumkumbusha, anawaambia wangoje. Mkewe ananishukuru kwa maandazi kila nikienda. Lakini daftari jipya limeshafunguliwa. Juzi, saa tano usiku, alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp, nausikia mpaka leo jinsi alivyokuwa akiongea polepole asimwamshe mtu:

"Bibie, zile bipu zako. Ulisema zimekwenda dakika moja na nusu na kurudi dakika moja na nusu. Nani kakwambia kwenda na kurudi ni sawa? Kuna mtu keshapima mwanga kwenda tu, bila kurudi?"

Hilo ni swali ambalo Hans Reichenbach alilishughulikia kwenye kitabu chake cha mwaka 1928, na wanafalsafa wa fizikia bado wanalibishania, kwa sababu ili upime kwenda peke yake unahitaji saa mbili mbali mbali zilizowekwa sawa, na kuziweka sawa unahitaji kujua kasi ya kwenda. Nimemwambia Jumamosi nakuja na karatasi nyingi. Akasema nilete na tende, zake zimekwisha.